Huo Ushanga Uliovaa, Nani Kautunga?

Kuna dada mmoja maarufu hapa Bongo, jina naliweka kapuni, picha yake ilizunguka sana kwenye magrupu ya WhatsApp. Alivaa gauni jeupe la kawaida tu, lakini shingoni kaweka kidani kipana cha shanga za Kimasai, nyekundu, nyeupe na bluu. Jamani, alipendeza! Watu wakauliza maswali mawili: kanunua wapi, na bei gani. Sikuona hata mmoja aliyeuliza nani kakitunga.

Mimi hilo swali ndilo linanipa ugali. Nina kibanda cha zawadi Mikumi mjini, kando ya barabara kuu inayokwenda Iringa, Mbeya na mpaka Zambia. Nauza bangili, vikuku, hereni, vidani, shuka, kanga, mitandio, vikapu vya Iringa vilivyosukwa kwa milulu, na mikeka ya ukindu. Wateja wangu ni wa aina tatu. Abiria wa mabasi wenye dakika kumi na tano za kula chipsi na kwenda msalani. Watalii wanaotoka Hifadhi ya Mikumi, ile iliyoanzishwa mwaka 1964, ambayo barabara inaikata katikati kwa kilomita 50 hivi, unapita unaona twiga bila kiingilio. Na madereva wa malori. Kuna mmoja kila safari hununua bangili mbili zinazofanana kabisa. Sijawahi kumuuliza ni za nani, biashara ni kutunza siri za watu.

Sasa niwape elimu kidogo, maana wengi tunapigwa. Sokoni kuna shanga za aina mbili. Kuna zilizokuja tayari zimetungwa, za plastiki, bangili unapata hata kwa elfu moja. Halafu kuna za kioo, zilizotungwa kwa mkono na akina mama wa Kimasai na Waparakuyo wa huku Kilosa. Kuzitofautisha si kazi. Weka ushanga shavuni: kioo kina ubaridi, plastiki haina. Pima kwa kiganja: kioo kina uzito. Kisha geuza kidani nyuma uangalie. Cha mkono utaona mafundo, na vile vipande vyembamba vinavyozipanga shanga mistari mistari zisipishane. Zamani vilikuwa vya ngozi ya ng'ombe, siku hizi wengi wanakata dumu kuukuu la mafuta na kulitoboa kwa sindano ya moto. Ukiona kipande cha dumu usikunje uso. Hiyo ndiyo sahihi ya fundi.

Fundi wangu mkubwa ni bibi mmoja wa Kiparakuyo, tunamwita Yeyo, yaani mama. Anatoka vijiji vya wafugaji vya wilaya yetu, na jina lake halisi silitaji. Kidani kipana kinamchukua kama wiki moja, kwa sababu hatungi akiwa amekaa tu. Anatunga baada ya kukamua, baada ya kuchota maji, baada ya kupika, na macho yake si ya jana. Anatumia uzi wa nailoni, ule wa kuvulia samaki, na waya mwembamba pale kidani kinapotakiwa kusimama. Nilimuuliza siku moja rangi zinasemaje. Akanionyesha kwa kidole, moja moja. Nyekundu ni damu na ushujaa. Nyeupe ni maziwa. Bluu ni mbingu inayoleta mvua. Kijani ni majani ya ng'ombe. "Na nyeusi?" Akasema, "Nyeusi ni sisi watu, na shida tunazopita." Mama mwingine atakupa maana tofauti kidogo, maana kila upande una mpangilio wake, lakini hakuna anayepanga rangi ovyo ovyo.

Kiswahili chetu kilishalijua hili zamani. Shanga zinatungwa. Shairi linatungwa. Neno ni hilo hilo moja.

Kuna mtu atasema, dada, hizo shanga zenyewe si za kwetu. Ni kweli kabisa. Shanga za kioo zilikuja na biashara, nyingi zikitoka Venice na Bohemia, ambayo leo ni sehemu ya Jamhuri ya Cheki. Karne ya 19 misafara iliyotoka pwani kwenda Tabora ilipita bonde la Mto Mkondoa, huku huku kwetu Kilosa, wapagazi wamebeba marobota ya kitambaa cha merikani na magunia ya shanga. Shanga ndizo zilikuwa hela ya kununulia chakula njiani. Na wenye misafara walikuwa wakilia, maana kila nchi ilikuwa na rangi yake. Ukifika na rangi iliyopitwa na wakati, mama wa kijiji anakuangalia tu, hauzi hata kuku. Ile nyekundu iliyoitwa samesame ndiyo ilipendwa sana. Kwa hiyo msiseme mitindo imeletwa na mitandao ya simu. Bibi zetu walishawarudisha watu na magunia yao.

Na ukitoka Kilosa kuja Mikumi, kilomita 70 na ushee, unapita kijiji kinaitwa Ulaya. Sitanii. Nikiwaambia wateja wa kwetu shanga hizi asili yake Ulaya, wananiuliza Ulaya ipi, hii ya kwetu au ile ya mbali?

Kanga nayo ni hivyo hivyo. Wengine wanaiita leso, na neno leso tulilipata kwa Wareno. Hadithi ya pwani inasema akina mama walinunua vitambaa vya mkononi na kuviunga sita sita mpaka vikawa vazi. Kiwanda cha Urafiki cha Dar es Salaam, kilichojengwa kwa msaada wa China na kufunguliwa mwaka 1968, kilituvisha miaka mingi, lakini kanga nyingi ninazouza leo zimechapwa India. Ukitafuta kitu ambacho uzi wake, rangi yake na shanga yake vyote vimezaliwa hapa, utakaa uchi. Kilicho chetu ni mkono ulioipanga na neno lililosemwa. Hivyo viwili ndivyo unavyolipia, na ndivyo vinavyoibwa kwa urahisi kuliko vyote.

Hili nilikuja kulielewa vizuri kupitia mgeni mmoja. Alishuka kwenye gari la watalii, mama wa makamo, masikioni hereni za fedha zenye umbo la komamanga. Akashika kidani cha Yeyo, na badala ya kuuliza bei akauliza, "Nani ametengeneza hiki?" Bahati nzuri Yeyo alikuwa pale pale nyuma ya kibanda, ameleta mzigo. Nikamwita. Basi wakakaa kwenye benchi langu, mimi katikati natafsiri kwa Kiingereza changu cha barabarani.

Kumbe yule mama ni Muarmenia. Armenia ni nchi ndogo ya milimani, mji wake mkuu ni Yerevan, ila Waarmenia wengi wanaishi nje. Yeye mwenyewe kazaliwa Lebanon. Alituambia kwamba kuanzia mwaka 1915, chini ya utawala wa Ottoman, watu wake waliuawa kwa halaiki na waliobaki wakatawanyika. Wajane na mayatima wakajikuta hawana shamba, hawana nyumba, wana vidole tu. Wakafuma. Lasi za sindano, darizi, mazulia. Kule Ghazir, Lebanon, mabinti yatima wa Kiarmenia walifuma zulia moja lenye mafundo zaidi ya milioni 4, na mwaka 1925 likapelekwa zawadi kwa Rais wa Marekani, Calvin Coolidge, kushukuru msaada waliopewa mayatima. Yeyo akauliza swali moja tu: "Hao wasichana, majina yao yaliandikwa?" Yule mama akanyamaza kidogo. Akasema hiyo ndiyo sababu yeye huuliza nani katengeneza.

Kisha akatoa mtandio kwenye mkoba. Ulikuwa na herufi zao, zile zilizotungwa mwaka 405 hivi na mtawa aitwaye Mesrop Mashtots. Alisema mafundi wa kwao leo wanauza mitandio yenye herufi, hereni za komamanga, mikufu yenye nakshi za vitabu vyao vya kale, na Muarmenia akivaa, hata awe Marekani, anajulikana ni wa wapi. Nami nikamchomolea kanga. Nikamwambia, sisi huku pia tunavaa maandishi. Alicheka, akanunua doti nzima.

Alipofika kwenye kidani, bei ilikuwa elfu hamsini. Akauliza, "Yeye anapata ngapi?" Nikamjibu: thelathini na tano zake, kumi na tano za kibanda. Akalipa bila kuvuta, akaandika jina la Yeyo kwenye karatasi, akalikunjia ndani ya kidani. Kuanzia siku ile, kila kitu cha mkono kibandani kwangu kina kikaratasi: jina la fundi kama mwenyewe ameridhia, siku alizotumia, na rangi zinasemaje. Sitawadanganya kwamba biashara imelipuka. Abiria wa basi bado anataka bangili ya elfu tano kwa elfu mbili huku dereva anapiga honi. Ila Yeyo amebadilika. Zamani akileta mzigo alikuwa ananiuliza, "Utanipa ngapi?" Siku hizi anaanza yeye: "Hiki ni kiasi fulani." Na mimi ndiye ninayebembeleza.

Mpaka hapo ni habari za biashara. Kisha kidani kikaingia nyumbani kwetu, na huko hakikuwa zawadi ya mtalii tena.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa anaolewa, sendofu inafanyika Kilosa mjini. Kamati ikaundwa, michango ikapita, na shangazi zetu wakaja na seti ya dhahabu ya bandia kutoka Kariakoo, inang'aa kuliko taa za ukumbi. Bibi harusi akasema hapana, anataka kidani cha Yeyo. Ukumbi mzima wa kikao ukageuka kumtazama mjomba.

Niwaeleze. Sisi ni Wasagara, na kama walivyo Wakaguru na Waluguru, ukoo wetu unafuata upande wa mama. Baba ana heshima yake, ila kwenye shughuli ya mtoto wa kike mjomba ndiye mwenye neno. Na mjomba wetu ni mkulima. Watu wa Kilosa mnajua maana yake. Ardhi ni ile ile, mkulima anaitaka na mfugaji anaitaka. Desemba 2000, kule Rudewa Mbuyuni, ugomvi wa wakulima na wafugaji uligeuka mauaji, zaidi ya watu 30 wakapoteza maisha. Mjomba alizika rafiki yake mwaka ule. Toka hapo nyama ya mnadani anakula, maziwa anakunywa, lakini jina la mfugaji halitaji ndani ya nyumba yake.

Akasema taratibu, wala hakupandisha sauti: "Mtoto wa dada yangu hatatoka kwenye mlango wangu amevaa vitu vya wale watu."

Mdogo wangu akamjibu kwa adabu, amepiga goti: "Mjomba, mama alivaa."

Kweli mama alivaa. Marehemu mama yetu alikuwa anauza unga na mboga sokoni Kilosa. Yeyo alikuwa analeta maziwa kwenye vibuyu. Walianza kwa kubadilishana, unga kwa maziwa, wakaishia kuwa mashoga kabisa. Mama akijifungua, Yeyo analeta bangili ya mtoto. Yeyo akijifungua, mama anampelekea doti ya kanga. Baada ya ile Desemba, maziwa yaliadimika sokoni, akina mama wa kifugaji waliogopa kuja mjini na akina mama wa mjini waliogopa kununua. Yeyo alipotokea tena na kibuyu chake, mama ndiye aliyenyanyuka kununua mbele ya watu. Mjomba alimnunia mwaka mzima. Mama akaendelea kuvaa ile bangili mpaka tunamzika.

Kikao kikavunjika bila jibu. Usiku ule nikampigia Yeyo simu kumwambia asitunge, nisije nikamvunjia heshima. Akaniuliza tu, "Nyumba ya mjomba iko wapi siku hizi?"

Akaja kesho yake, kajifunga kanga juu ya shuka, kibuyu mkononi. Mjomba alikuwa barazani. Hakumfukuza, maana mgeni hafukuzwi, ila hakumkaribisha kiti pia. Yeyo akakaa kwenye mkeka. Nikawaletea chai, nikaiacha, nikakaa mlangoni.

Walinyamaza muda mrefu sana. Mwishowe Yeyo akasema, "Shemeji, mimi pia nilizika." Basi. Hakutaja nani, hakusema nani alianza. Kisha akatoa kidani kwenye mfuko, akakiweka kwenye mkeka katikati yao. Akasema dada yake mjomba, yaani mama yetu, alishamlipa. Siku za mwisho za ugonjwa alimpa kanga mbili na kumwambia, huyu mdogo akiolewa mvishe, mimi sitakuwepo. "Deni la mtu aliyekufa ni zito," alisema. "Ukikataa, nitarudi nacho. Lakini mimi nitakuwa nimekileta."

Mjomba hakukigusa. Alikunywa chai yake yote kwanza. Halafu akatoa hukumu yake, ya kizee kabisa: siku ya sendofu avae, maana sendofu ni ya upande wa mama. Siku ya ndoa yenyewe avae anachotaka mume, huko yeye hayumo. Shangazi wakanung'unika kuhusu seti yao ya Kariakoo, tukawapatanisha: aliivaa kwenye kukata keki.

Sendofu ikafika. Mdogo wangu alitoka na gauni la rangi ya maziwa, kidani cha Yeyo shingoni, na kanga ya mama imekunjwa begani. Wadau, nimeona maharusi wengi, na huyu ni damu yangu kwa hiyo mnaweza kusema ninapendelea, lakini ukumbi ulisimama. MC akaanza kusema "kutoka Dubai", nikamkimbilia nikamwekea kikaratasi mkononi. Akasoma jina la Yeyo kwa kipaza sauti, na siku tisa alizotumia. Meza ya nyuma, akina mama wanne wa Kiparakuyo wakapiga vigelegele. Meza za mbele zilichelewa kidogo, kisha nazo zikajibu.

Sitasema kwamba siku ile Kilosa ilipona. Mashamba bado yanalishwa, ng'ombe bado wanakamatwa, kesi bado zipo. Mjomba na Yeyo hawakukumbatiana. Ila wakati wa kuaga nilimwona ameinama mbele ya bibi harusi, miwani puani, anakikagua kidani kama anavyokagua mahindi ya mbegu. Akaniita pembeni. "Huu mstari mweusi hapa katikati," akauliza, "una maana gani?"

Nikamwambia muulize mwenyewe, yule pale. Akasita. Kisha akaenda.

Kwa hiyo wadau, mkipita Mikumi, au mkiwa popote pale mnataka zawadi ya mkono, msiishie kwenye bei. Ulizeni nani kaitunga, katumia siku ngapi, na kati ya hiyo hela yeye anabaki na ngapi. Muuzaji akikosa majibu yote matatu, basi hata yeye hajui anauza nini. Na ukipewa jina la fundi, lishike. Mtu akikusifia mtaani, mtaje.